Muhula mmoja na samaki wa Magogoni



Leo hakuna hina, hakuna singo, wala namna ya kufunga mtandio. Leo nazungumzia samaki. Bi harusi usiondoke, na la kwako limo humu ndani, utalikuta njiani.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa Dar es Salaam, na nyumba yetu ipo Kariakoo, ghorofa ya tatu, juu ya maduka. Mwanangu wa kwanza ana miaka minane. Mwaka jana alikuwa darasa la tatu, na mwezi wa Juni ikaja ripoti ya skuli. Hisabati alipata 14 kati ya 50. Kusoma kwa sauti, hafifu. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwalimu aliandika neno moja: "Mzito." Tukaitwa, tukaambiwa asipobadilika atakariri darasa.

Alama sikuzililia. Kilichonikaa kooni ni siku ya pili yake. Nilikuwa naanika nguo, yeye kakaa kwenye ngazi, akaniambia, "Mama, mimi kilaza." Hakulia. Alisema vile mtu anavyosema anaishi mtaa gani.

Baba yake si mtu mkali. Ana duka la vitambaa, anatoka alfajiri anarudi usiku, na mapenzi yake anayaonesha kwa ada zilizolipwa kwa wakati. Alikaa na kaka yake mkubwa wakashauriana, akaja kunieleza kwamba Januari mtoto apelekwe bweni, mkoa mwingine, huko wapo walimu watakaomnyoosha. Nilimwacha amalize kula kwanza. Halafu nikamwambia, "Mume wangu, nakuomba muhula mmoja tu. Ikifika Desemba hajasogea, begi lake nitalifunga mimi mwenyewe." Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Haya. Muhula mmoja."

Nilikuwa nimeshaahidi, na cha kufanya sikijui bado.

Ila kitu kimoja nilikijua. Mtoto huyu ambaye hakumbuki saba mara nane, akija samaki nyumbani huyaacha yote na kukimbilia jikoni. Anamfungua samaki mdomo kwa kidole, anahesabu miiba, anauliza kwa nini jicho halifumbi. Kibua, changu, tasi, pono, kolekole, anawajua kwa mkia tu kabla hajaona kichwa. Nikajiuliza, kichwa kinachobeba yote haya, uzito wake uko wapi? Basi nikaamua kwamba muhula ule mzima somo letu la nyumbani litakuwa moja, samaki, na masomo mengine yote yatapita humo humo.

Anayetaka kujua samaki Dar es Salaam anakwenda Feri, Magogoni. Kila Jumamosi, tukishasali Alfajiri na kunywa chai ya haraka, tulipanda mwendokasi kituo cha Fire tukashuka Kivukoni. Kwa dada ambaye hajawahi kwenda na anataka kwenda na mtoto: vaa baibui la zamani, fupi kidogo, lisiloburura, maana sakafu ni maji matupu. Viatu vya plastiki. Kikapu cha ukili, na ndimu mbili za kusugulia mikono baadaye. Mshike mtoto mkono kwenye mnada, wabeba matenga hawana breki. Na Ikulu ipo hatua chache kutoka hapo, kwa hiyo usitoe simu ukapiga picha ovyo.

Siku ya kwanza sikumfundisha kitu. Tulitembea tu. Majengo ya soko la sasa yalijengwa kwa msaada wa serikali ya Japani yakafunguliwa mwaka 2002, na kila eneo lina kazi yake: huku mnada, huku wapara samaki na visu vyao, kule mafuta yanachemka kwenye makarai na moshi unakutoa machozi. Nilimnunulia daftari la mistari mikubwa, nikaliandika juu "Daftari la Samaki". Sharti lilikuwa moja: kila Jumamosi aandike alichoona kwa maneno yake, hata mistari mitatu, na mimi sisahihishi siku hiyo hiyo. Mistari ya wiki ya kwanza niliihifadhi. Ilikuwa miwili. "Samaki wengi. Mama kakanyaga maji."

Hisabati ilitujia yenyewe. Wiki ya pili nilisimama kwenye meza ya vibua, fungu lina vibua 12, muuzaji anataka 6,000. Nikamwomba mwanangu ahesabu kila kibua kinasimama kwa bei gani. Alikunja uso, akahesabu kwa vidole, akaanza upya, akasema 500. Muuzaji akacheka, "Dogo yuko sawa." Nikaanza kuvutana bei, tukamalizia 5,000. Tunaondoka, tumeshafika kwa wapara samaki, mtoto akanivuta baibui. "Mama, kwa hiyo umepewa vibua wawili wa bure."

Nilisimama pale pale. Dada zangu, hiyo hesabu hakuna aliyempa. Alijitungia mwenyewe akaijibu mwenyewe, na humo mna kutoa na kugawanya.

Baada ya hapo sikumwandikia hesabu kwenye karatasi tupu tena. Jedwali la nane, ambalo lilikuwa adui yake, tulilipitia kwa pweza. Pweza ana minyiri minane. Pweza watatu juu ya meza, minyiri mingapi? Mwenye meza anayo minyiri 56, kauza pweza mmoja, amebaki na mingapi? Nguru tulimpima kabla hajaparwa na baada ya kutolewa matumbo, tukatafuta kilichopotea. Mpara samaki anachukua 500 kwa samaki mkubwa, kwa saa moja kapara tisa, kapata shilingi ngapi? Huyo mpara samaki, kijana mmoja mwenye kofia ya kufuma, mwisho akawa yeye ndiye anayemuuliza maswali. Tukichelewa Jumamosi anatuuliza tulikuwa wapi.

Sasa bi harusi, sogea. Somo la kwanza la sayansi lilikuwa namna ya kumtambua samaki mbichi, na hili wewe utalihitaji wiki ya kwanza tu ukishaanza kupika kwako. Jicho liwe angavu na limejaa, si jeupe lililozama. Fungua shavu uone matamvua: yawe mekundu, yasiwe ya kahawia wala yenye utelezi mzito. Bonyeza nyama kwa kidole. Ikirudi, mchukue, ikibaki na shimo, muache. Harufu iwe ya bahari. Shombo kali maana yake kalala sana. Mwanangu nilimweleza kila alama na sababu yake, kwamba matamvua ndiyo mapafu ya samaki, maji yanaingia mdomoni yanapita pale, damu inachukua hewa yake, ndiyo maana pakawa pekundu hivyo. Aliandika mistari sita wiki hiyo.

Pweza alituchukua wiki tatu nzima. Sikupanga, ila maswali hayakuisha. Pweza ana mioyo mitatu, miwili inasukuma damu kwenye matamvua na mmoja unaisambaza mwilini. Damu yake si nyekundu, ni ya buluu, kwa kuwa inabeba hewa kwa shaba wakati yetu inabeba kwa chuma. Hana mfupa hata mmoja, ndiyo maana anapenya kwenye tundu ambalo wewe ukiliangalia unasema hapiti kitu. Nilimsimulia wanawake wa kwetu Unguja wanavyokwenda mwambani maji yakitoka, na mchokoo mkononi, wanachokoa pweza matunduni, na kwamba bibi yangu mimi alisomesha watoto kwa pweza. Nikamwambia pia kule Kisiwa Panza, Pemba, watu walikubaliana kufunga sehemu ya bahari yao kwa miezi, asivue mtu, ili pweza wakue kisha wafungue wote pamoja. Akauliza, "Na mtu akivua kwa siri?" Tukawa tumeingia kwenye uraia bila kubisha hodi. Tukazungumza habari ya baruti, kwa nini imekatazwa, na mwamba uliovunjwa kwa baruti unachukua miaka mingapi kurudi. Tena visiwa anavyoviona mbali akiwa ufukweni, Bongoyo na Mbudya, vimehifadhiwa tangu mwaka 1975.

Siku moja nikamweleza kwamba pweza mama akishataga hukaa tunduni kwake, anayalinda mayai, anayapulizia maji safi, wala hali. Watoto wakianguliwa, yeye anakufa. Mwanangu alikaa kimya, halafu akauliza, "Baba yake yuko wapi?" Nikamwambia pweza dume hufa mapema zaidi. Aliandika hilo, na jioni nikamkuta anamsomea mdogo wake wa miaka minne, kwa sauti, neno kwa neno, polepole. Mtoto ambaye skuli alikataa kusoma mbele ya wenzake. Nilirudi nyuma nikaufunga mlango taratibu.

Mama mkwe wangu, Mwenyezi Mungu amhifadhi, mwanzoni jambo hili halikumpendeza. "Mwanangu," aliniambia mbele ya wageni, "wenzio wanawapeleka watoto tuisheni, wewe wako unampeleka Feri akanuke shombo." Nikasema, "Nimekusikia, mama." Na nilimsikia kweli, kwa kuwa hofu yake ilikuwa hofu ya baba yake mtoto, kwamba tunamchezea mtoto muda. Dada uliyeolewa karibuni, jibu fupi mbele ya wageni lina faida yake. Nilisubiri siku tulivu, nikaenda kwake na mtoto na daftari, nikamwambia, "Mama, huyu ana swali nisilolijua mimi. Anauliza kwa nini siku nyingine dagaa wanakuwa wengi na siku nyingine hakuna kabisa."

Mama mkwe kwao ni Mjimwema, Kigamboni, na marehemu baba yake alikuwa mvuvi. Aliweka kando bakuli la mchele aliokuwa akiuchagua. Akamweleza mjukuu wake kwamba dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina kazi, bahari yote ina mwanga. Akamfundisha bamvua na maji mafu: mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu maji hutoka mbali na kujaa sana, hayo ndiyo bamvua, na katikati yake maji hayaendi mbali wala hayaji juu, hayo maji mafu. Akamtajia kaskazi, unaovuma tangu Desemba hadi Machi hivi, na kusi unaofuata, wenye mawimbi, ambao vyombo vidogo huuogopa. Upepo huo huo wa kaskazi ndio uliowaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kusi ukawarudisha. Mimi nilikaa kwenye mkeka nasikiliza kama mwanafunzi.

Kuanzia hapo tukabandika ukutani kalenda ya mwezi mwandamo. Kila siku mtoto alichora mwezi ulivyo, na tukienda Feri anaangalia maji yamefika wapi kwenye ngazi za ufukweni, anaandika. Hakuwahi kuielewa miezi ya Kiislamu zaidi ya Ramadhani. Ilipofika katikati ya Rabiul Akhir alikuwa anajua tarehe ya leo kwa kutazama nje ya dirisha, na ananisahihisha mimi. Bibi yake naye akawa anapiga simu Ijumaa usiku kuuliza, "Mnaondoka saa ngapi kesho?" Mara mbili tulivuka naye kwa pantoni kwenda Mjimwema kwa ndugu zake, shilingi 200 kila mtu, na ndani ya pantoni akamwonesha mjukuu mlango wa bandari na kumweleza kwamba zamani kabla ya jiji hapa palikuwa na kijiji kikiitwa Mzizima, watu wake wavuvi na wakulima, hadi Sultani Majid wa Unguja alipoanza kujenga majumba miaka ya 1860 na kupaita Dar es Salaam. Mtoto akaniangalia. "Kwa hiyo sultani wa kwenu mama ndiye aliyekuja kwa kina bibi." Bibi akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Dini haikuwa somo la mwisho kwenye orodha, tulikuwa nayo tangu mwanzo, ila nimeiacha hapa ili niieleze kwa nafasi. Chuoni alikuwa ameshasikia kisa cha Nabii Yunus, amani iwe juu yake, na dua yake ndani ya tumbo la samaki ameihifadhi. Alichokuwa hajakifikiria ni giza. Tulizima taa zote chumbani usiku, tukafunga pazia, tukakaa chini, nikamwambia fikiria giza la usiku, juu yake giza la bahari, juu yake giza la tumbo. Akaisoma dua ile mwenyewe, kwa sauti ndogo. Siku nyingine, tukiwa tumesoma Suratul Kahf ya Ijumaa, nilimwonesha pale Nabii Musa na kijana wake walipomsahau samaki kwenye mwamba, na samaki akashika njia yake baharini, na pale aliposahauliwa ndipo walipotakiwa warudi. Kisa hicho tunakipita kila Ijumaa. Mwanangu alikisikia kwa mara ya kwanza siku ile, kwa sababu kina samaki.

Lakini kilichomkamata hasa ni kisa cha anbar. Kimo katika Bukhari na Muslim. Masahaba kama 300, kiongozi wao Abu Ubayda ibn al-Jarrah, Allah awe radhi nao, walitumwa kuelekea pwani na chakula kikawaishia, mpaka kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku. Wanaimung'unya, wanakunywa maji juu yake. Kisha bahari ikawatolea samaki mkubwa kama kilima, anaitwa anbar. Wakala siku nyingi wakanenepa. Abu Ubayda akawakalisha watu 13 kwenye tundu la jicho lake, akasimamisha ubavu wake, na mpanda ngamia akapita chini. Waliporudi Madina, Mtume, rehema na amani zimshukie, akawauliza kama imebaki nyama yoyote, wakampelekea naye akala.

Kisa hiki tulikitafuna wiki mbili. Tende 300 kwa siku, siku nne ni tende ngapi? Watu 13 kwenye jicho moja, na jicho la pili je? Tulichora duara kwa chaki kwenye paa la nyumba ambako wapangaji wote tunaanika nguo, tukawaita watoto wa majirani wakakaa 13, tukapima duara kwa futi kamba. Na swali la fiqhi likajitokeza lenyewe: yule samaki walimkuta amekufa, mbona walikula? Nikamweleza kwamba Mtume alipoulizwa kuhusu bahari alisema maji yake ni twahara na mfu wake ni halali. Akatulia. Halafu, "Kwa hiyo pale Feri hakuna anayechinja samaki." Alikuwa ameliona hilo wiki zote akingoja mtu amweleze.

Kiswahili kilikuwa chepesi na cha kucheka. Methali za samaki unazijua, hata hazihitaji kuandikwa hapa. Nilipenda zaidi misemo ambayo watu wanaisema bila kujua ilikotoka. Mtoto akilala fofofo tunasema kalala usingizi wa pono. Pono yupo, ni yule samaki wa rangi rangi mwenye mdomo kama wa kasuku, na baadhi yao usiku hujifunika utando wa ute wakalala humo. Hasira za mkizi, tijara ya mvuvi: mkizi huruka juu ya maji kwa ghadhabu akaangukia ndani ya mtumbwi. Hiyo nilimwekea akiba, siku akinuna namuuliza yuko ndani ya mtumbwi wa nani. Kiingereza tulikipita haraka, ila alifurahi kugundua kwamba neno lao la samaki, kama letu, mara nyingi halibadiliki kwenye wingi.

Kuchora, hivi. Wajapani wana namna yao ya zamani ya kupaka samaki wino na kumgandamiza kwenye karatasi, inaitwa gyotaku. Kwa kuwa soko lenyewe walisaidia wao, nikaona tujaribu. Tulitumia rangi ya chakula, changu mmoja mpana, na karatasi laini. Magamba yote yakatokea, hata mstari wa ubavuni. Tukamwosha, tukamtia ndimu, chumvi, thomu na tangawizi, tukamkaanga. Picha ipo ukutani, changu tumemla.

Na kuna kisa kimoja ningependa kila mama mwenye binti amsimulie. Mwaka 1938, Afrika Kusini, mjini East London, alikuwapo mwanamke wa miaka 31 akiitwa Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ndogo. Wavuvi walikuwa wakimwita akaangalie walichovua. Siku tatu kabla ya Krismasi akaona kwenye rundo la samaki pezi la buluu asilolijua. Samaki wa mita moja na nusu, kilo kama 57, na dereva wa teksi kwanza akakataa kumbeba kwa shombo. Ndiye silakanti, samaki ambaye wanasayansi walikuwa na hakika ametoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Wakampa samaki yule jina la kisayansi kutokana na jina la yule mama. Na hadithi ikafika kwetu: mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa, karibu na Songo Mnara, wakamvua, kisha Tanga wakavuliwa wengi, hadi mwaka 2009 ikawekwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mwanangu tangu siku ile anaangalia kila rundo pale Feri kwa macho mengine. Siku yake itafika, ananiambia.

Novemba, Jumamosi moja, baba yake alifungua duka mchana akatufuata sokoni. Hakusema kwa nini. Alitembea nyuma yetu na mikono mgongoni. Tulipofika kwenye meza moja akapenda changu wakubwa, akaanza kutoa pesa. Mtoto akamgusa mkono. "Baba, hao usichukue. Jicho limeingia ndani." Akafungua shavu la samaki mbele ya mwenye mali. "Na matamvua yamekuwa kahawia." Muuzaji aliguna kwa hasira, na mimi nikataka ardhi ipasuke, maana kuna namna ya kusema mambo hayo na mtoto wa miaka minane hajaijua. Mume wangu akarudisha pesa mfukoni, akaomba radhi, akasogea. Meza ya tatu mtoto akamwambia, "Hawa sawa." Akanunua.

Kwenye mwendokasi alikaa na mfuko wa samaki mapajani, anatazama nje. Usiku, baada ya Isha, nikamsikia sebuleni anamuuliza mwanawe: jora moja lina mita 30, gauni linakula mita nne, yanatoka magauni mangapi, na kipande gani kinabaki? Kimya kirefu. "Saba, baba. Zinabaki mita mbili." Wakaendelea mpaka nikawafukuza wakalale. Sasa Jumapili asubuhi mtoto anakwenda dukani, na hesabu za vitambaa ni zao wawili, mimi siingii.

Desemba ripoti ilikuja. Hisabati 29 kati ya 50. Sayansi 41. Kusoma kwa sauti bado anasoma polepole, na mwalimu kaandika hivyo, kwa wino wa buluu safari hii. Simwambii mtu kwamba samaki ni dawa. Tulifanya na mengine: simu ya kucheza niliificha, alilala mapema, na mwalimu mmoja wa kike wa darasa la pili alikubali kumsikiliza akisoma dakika kumi kabla ya kengele, Allah amlipe. Wala bweni halijaondoka moja kwa moja. Darasa la nne kuna upimaji wa taifa, na baba yake kasema tutakaa tena baada ya hapo. Ila Januari begi halikufungwa, na neno lile la kwenye ngazi sijalisikia tena.

Daftari la kwanza lilijaa. La pili lina jina jingine. Wiki ya mwisho kabla ya skuli kufungua, kunguru mmoja pale Feri alishuka akaondoka na dagaa kutoka mkononi kwa mtu, na mwanangu akasahau samaki wote. Nimemwambia kwamba wale kunguru weusi wenye shingo ya kijivu asili yao Bara Hindi, waliletwa kwetu Unguja miaka ya 1890 ili wale taka, na wao wakavuka bahari bila kuulizwa nauli. Akataka kujua wapo wangapi. Nikamwambia pia kwamba katika Suratul Maida yupo kunguru aliyemfundisha mwana wa Adamu kumfukia ndugu yake. Hilo bado hajalimaliza, ananiuliza kila siku kwa nini akawa kunguru na si ndege mwingine, na nimemwahidi tutakwenda kumuuliza ustadhi wake. Jumamosi, tukijaaliwa, tunakwenda kuhesabu. Bibi yake kasema tumpitie.